Kumbukumbu ya mradi: kuchagua uwiano wa petroli na oili katika pikipiki ya theluji

Injini imekwisha kufungwa, silinda zote mbili zimepimwa mgandamizo na kukutwa zikikaribiana, na sasa imefika zamu ya jambo linalozua ubishi kuliko mengine yote katika mashine za aina hii, yaani petroli ichanganywe na oili kiasi gani. Injini yenyewe ni ya mipigo miwili, ya cc 440, inayopozwa kwa feni na kulishwa na kabureta mbili za Mikuni. Mwenye mali wa awali aliing'oa pampu ya oili na kuziba nafasi yake kwa kibati, kwa hiyo oili yote itakayofika ndani itapitia kwenye tangi la petroli.

Msomaji aliyezoea injini za gari anapaswa kukumbuka kwamba hapa hakuna karta iliyojaa oili chini ya kranki. Mchanganyiko wa hewa, petroli na oili huingia kwanza katika kasha la kranki, ambako petroli huvukizwa na joto huku matone ya oili yakibaki kwenye beringi za kranki, kwenye pini ya pistoni na kwenye ukuta wa silinda, kisha mabaki yake hupanda juu na kuungua au kutoka na moshi. Oili hiyo hutumika mara moja tu. Injini isipopata petroli haipati oili, na ndiyo sababu kuteremka mlima mrefu kwa kasi huku umeachia eksileta ni hatari kwa mashine isiyo na pampu: kranki inazunguka mbio ilhali kabureta zimefungwa. Kwenye miteremko ya namna hiyo ni lazima eksileta ibonyezwe kidogo mara kwa mara, hata kama mwendo hauhitajiki.

Mashine nyingi za miaka ya 1960 zilitumia uwiano wa 20:1, ambao ni mililita 50 za oili kwa kila lita ya petroli. Oili za wakati ule zilikuwa duni, na moshi wa buluu ulionekana kuwa jambo la kawaida. Kadiri oili zilivyoboreka, viwanda viliteremka hadi 40:1, ambayo ni mililita 25 kwa lita, na 50:1, ambayo ni mililita 20. Yamaha ilikuwa imekwisha kuleta mfumo wake wa Autolube katika pikipiki za barabarani mwaka 1964, na pampu za jinsi hiyo zikaenea baadaye katika mashine za theluji, zikitoa oili kidogo injini inapounguruma taratibu na kuiongeza eksileta inapofunguliwa. Mchanganyiko wa tangini hauna werevu huo. Uwiano mmoja unapaswa kutosha pale injini inapolemewa zaidi, na kwa hiyo huwa umezidi mahitaji katika hali nyingine zote.

Hapa niseme neno kuhusu galoni, kwa sababu maelekezo mengi ya zamani yanazitaja bila kueleza ni zipi. Galoni ya Marekani ni lita 3.785 na ya Uingereza ni lita 4.546. Chupa ya mililita 500 ikimiminwa katika galoni tano za Marekani inatoa takriban 38:1. Ikimiminwa katika galoni tano za Uingereza inatoa zaidi kidogo ya 45:1. Watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha kuhusu kipimo "kilekile" huku kila mmoja akiwa na mchanganyiko wake. Mimi napima kwa lita na mililita tu, kwa bomba la sindano kubwa lenye alama, na sitazami mistari iliyochapwa ubavuni mwa chupa.

Kabla ya kuchagua namba yoyote, niliziba milango ya kuingizia na kutolea hewa, nikatia ndani ya kasha la kranki shinikizo dogo la takriban psi 6, nikapaka maji ya sabuni kwenye sili za kranki, kwenye maungio ya gasketi na kwenye mipira ya kushikia kabureta. Povu halikuchipuka popote, na shinikizo lilisimama. Naliona jaribio hili kuwa la lazima kuliko mjadala wote wa uwiano, maana sili iliyochakaa huvuta hewa ya ziada isiyopitia kabureta, petroli hupungua katika mchanganyiko, joto hupanda na injini hunoki, yaani pistoni hukwama ndani ya silinda. Mwenye mashine naye hulaumu oili, huiongeza, na mara hii hunoki silinda ya upande uleule.

Sasa nije kwenye kiini. Husemwa mara nyingi kwamba kuongeza oili "kunalinda" injini, na pia kwamba kuongeza oili kunaiunguza kwa sababu oili inachukua nafasi ya petroli ndani ya jeti, yaani tundu dogo la kabureta linalopima petroli. Madai yote mawili yana ukweli, lakini la pili linahitaji kupigiwa hesabu kabla ya kuogopwa. Katika mchanganyiko wa 50:1, petroli ni asilimia 98.0 ya ujazo wote. Katika 25:1 ni asilimia 96.2. Hata ukiongeza oili maradufu, petroli inayopita kwenye jeti inapungua kwa takriban asilimia 2, pamoja na athari ndogo ya uzito wa kimiminika chenyewe. Jeti kuu zangu, zile za Mikuni zenye kichwa cha pembe sita, hupanda kwa hatua ya kumi, na kutoka namba 230 hadi 240 ni zaidi ya asilimia 4. Badiliko zima la oili halifiki nusu ya hatua moja ya jeti.

Linganisha na baridi. Hewa ya nyuzi 30 chini ya sifuri za Selsiasi ni nzito kuliko hewa ya nyuzi sifuri kwa takriban asilimia 12. Injini humeza hewa kwa ujazo, kwa hiyo inapata hewa zaidi kwa kiasi hichohicho, ilhali petroli inayofyonzwa kwenye jeti hupanda kwa kipeuo cha pili tu cha ongezeko hilo, yaani asilimia 6 hivi. Mchanganyiko unabaki na upungufu wa petroli wa takriban asilimia 6, ambao ni zaidi ya hatua nzima ya jeti na mara tatu ya athari ya kuongeza oili maradufu. Ndiyo maana mashine nyingi za theluji zenye kabureta zina jedwali la jeti linalotaja halijoto na mwinuko kutoka usawa wa bahari. Anayebadilisha oili na jeti siku moja hatajua kilichomsaidia wala kilichomponza, na kwa sababu hiyo nimeamua uwiano wa oili uwe namba isiyoguswa tena, marekebisho yote yaliyobaki yafanywe kwenye jeti na sindano za kabureta.

Namba niliyoichagua ni 40:1, kwa oili ya sintetiki ya daraja la JASO FD, kiwango cha Kijapani cha oili za injini za mipigo miwili. Kibandiko cha kiwanda kilitaja 50:1, nami sina sababu ya kudhani kiwanda kilikosea. Nimeongeza kidogo kwa sababu mashine itavuta mizigo kwenye theluji nzito, mahali ambapo eksileta hukaa wazi kwa muda mrefu. Sikwenda hadi 25:1, kwa kuwa oili isiyoungua hugeuka kaboni, ringi za pistoni hunasa kwenye mifereji yake, na mlango wa ekzosi huanza kuzibika. Oili za TC-W3 niliziacha kando: zimetungwa kwa injini za boti zinazopozwa kwa maji, na injini ya feni ina joto la namna nyingine. Tangi la kwanza, la kulainishia ringi mpya, lilikuwa 32:1, ambayo ni mililita 31 na ushei kwa lita.

Kuchanganya kwenyewe kunataka subira zaidi kuliko nilivyoona watu wakiipa kazi hiyo. Niliweka petroli iliyolala nje kwenye chupa angavu na kumiminia oili iliyolala nje vilevile. Oili iliteremka kama asali, ikatua chini, ikafanya tabaka la buluu lililoonekana wazi, na kuitikisa kidogo hakukuliondoa. Hali hiyo ndani ya tangi ina maana kwamba bomba la kufyonzea, linalofika chini, litavuta kwanza oili nyingi kiasi cha kulowesha plagi, kisha petroli isiyo na oili ya kutosha. Oili yangu sasa inakaa mahali pa joto. Naichanganya kwanza na petroli kidogo kwenye chombo cha pembeni hadi rangi iwe moja, naimimina katika dumu lililojaa nusu, natikisa, najaza, natikisa tena. Dumu la lita 10 linachukua mililita 250.

Baada ya tangi la 32:1, nilihamia 40:1 bila kugusa jeti, kwani tofauti ya petroli kati ya viwango hivyo viwili haifiki asilimia 1. Kisha nikaendesha eksileta ikiwa wazi kabisa, nikazima moto ghafla na kuiacha mashine ijisimamie. Petroli isiyo na risasi huchelewa kuipa plagi rangi, kwa hiyo naamini zaidi kichwa cha pistoni. Kwa tochi ndogo kupitia tundu la plagi, silinda ya kushoto ilionyesha sehemu safi za alumini pembezoni, mkabala na milango ya kupitishia mchanganyiko, na masizi makavu katikati. Hiyo ndiyo sura niliyoitaka. Ya kulia, iliyo karibu na klachi, ilikuwa na sehemu safi nyembamba mno, dalili kwamba inapata petroli pungufu. Nimeipandisha kutoka 230 hadi 240, na sehemu safi zikapanuka hadi kufanana na za jirani yake.

Jaribio hilo lilifanyika kwenye nyuzi 8 chini ya sifuri. Kwa baridi kali zaidi nimeweka tayari jeti za 250 kwa pande zote mbili, na sindano ya kila kabureta nimeandika kwenye karatasi iko kwenye alama ipi. Kazi inayofuata ni mkanda na klachi, ambazo bado hazijafunguliwa.