Nilivyomwajiri mfanyakazi wa nyumbani ugenini kwa kufuata sheria

Tulipohamia nchi ya watu kikazi, suala la kutafuta msaidizi wa nyumbani lilikuja mapema. Mimi na mume wangu tulikuwa tunatoka alfajiri, na watoto walikuwa bado wadogo. Wenzetu waliotutangulia pale walitupa ushauri unaofanana: tafuteni mtu, patana naye, mpe hela mkononi kila mwisho wa mwezi, mambo ya serikali achana nayo. Walisema kwa nia njema kabisa. Lakini mama yangu alifanya kazi kwenye nyumba za watu kwa miaka mingi, na mwisho wa mpango wa namna hiyo naujua. Siku mtu anapoumia, au anapozeeka, hakuna hata karatasi moja inayoonyesha kwamba aliwahi kufanya kazi.

Kwa hiyo kabla ya kumtafuta mtu nilikwenda ofisi ya kazi kuuliza kama familia ya kawaida inahesabiwa kuwa mwajiri. Jibu lilikuwa ndiyo, tena mwajiri kamili. Nilitakiwa kujisajili na kupewa namba, kumwandikisha mfanyakazi kwenye hifadhi ya jamii kabla hajaanza kazi, na kumkatia bima ya ajali. Nchi hazifanani katika hili. Ujerumani kuna utaratibu wa kazi ndogo za nyumbani ambapo mwenye nyumba anajaza fomu fupi na ofisi moja inakusanya michango yote. Ufaransa kuna mfumo uitwao CESU: unatangaza saa na mshahara, wenyewe unapiga hesabu za makato. Hong Kong, mfanyakazi wa nyumbani aliyetoka nje analazimika kuishi kwa mwajiri wake, na mkataba ni ule wa serikali tu. Ndiyo maana uzoefu wa rafiki aliye nchi nyingine usiutegemee sana. Uliza hapo ulipo, na uulize ofisi yenyewe, si wakala.

Mawakala sikuwapenda, nasema wazi. Mmoja niliyezungumza naye alikuwa amepanga ada yake ikatwe kidogo kidogo kwenye mshahara wa mfanyakazi. Nikaachana naye siku hiyo hiyo.

Hesabu ndizo zilizotukalisha chini usiku mzima. Mshahara mnaokubaliana si gharama yote: juu yake kuna mchango wa mwajiri, bima, likizo yenye malipo na siku za kuumwa. Tulipojumlisha, fedha zetu hazikutosha kumweka mtu wa siku nzima. Tukapunguza saa, kiwango cha kila saa tukakiacha kilivyo. Mtu anayefanya saa chache kwa malipo halali anaweza kutafuta nyumba ya pili akajaza wiki yake. Anayeshinda kwako kutwa kwa nusu mshahara hana nafasi hata ya kutafuta. Kufua kukabaki kwa mume wangu, kupika kukabaki kwangu.

Mama tuliyempata naye alikuwa mgeni pale, amenizidi umri. Kabla ya kuzungumzia fedha nilimwomba tukisome pamoja kibali chake cha kazi. Katika nchi nyingi kibali humfunga mtu kwa mwajiri mmoja, na akikutwa kwa mwingine, anayeumia kwanza ni yeye. Cha kwake kilimruhusu. Nilipiga nakala ya kibali na ya pasipoti, nikamrudishia palepale.

"Huitunzi wewe?" akaniuliza.

Mwajiri wake wa awali alikuwa akiifungia pasipoti yake kabatini, na alidhani ndiyo taratibu. Nilimwambia ni hati yake, akae nayo, na mtu yeyote akiidai asimpe. Hasira niliyoipata siku ile bado ninayo.

Jioni hiyo ndipo nilipousoma kwa makini Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011 kwa ajili ya wafanyakazi wa nyumbani na kuanza kutumika mwaka 2013. Si nchi zote zilizouridhia, lakini hata pale ambapo haujaridhiwa unakupa kipimo. Unasema mfanyakazi akae na hati zake za kusafiria. Apumzike saa 24 mfululizo kila wiki, kwa uchache. Alipwe angalau mara moja kwa mwezi. Ajulishwe masharti ya kazi kwa namna anayoielewa, na ikiwezekana kwa maandishi. Shirika hilo lilikadiria mwaka 2021 kwamba duniani kuna wafanyakazi wa nyumbani milioni 75.6, na zaidi ya wanane katika kila kumi wako nje ya mfumo rasmi. Niliposoma hivyo nilimfikiria mama yangu.

Mkataba wetu tuliuandika kwa lugha mbili, ya nchi ile na ya kwake. Tuliorodhesha kazi zenyewe: kuwachukua watoto shule, kuwalisha, kusafisha jikoni na sebule. Kuosha gari la mume wangu hakumo, na kusafisha kwa rafiki zangu hakumo. Tukaweka saa za kuanza na kumaliza, malipo ya saa za ziada, likizo, notisi ya kuacha kazi kwa pande zote mbili. Alikaa na mkataba huo siku kadhaa nyumbani kwake, akarudi na jambo moja: siku yake ya ibada isiguswe. Tukaiandika.

Sasa nifike kwenye saa, kwa sababu humo ndimo dhuluma nyingi hujificha, hata kwa watu waungwana. Mshahara kila mtu anauona. Saa haionekani. Unachelewa kwenye foleni, unapiga simu, "tafadhali nisubiri kidogo," na yeye amevaa koti lake yuko mlangoni na mtoto mkononi. Hicho kidogo kikirudiwa wiki nzima kinakuwa siku. Tukanunua daftari la kawaida, tukalifunga kwa kamba kwenye mpini wa kabati la jikoni pamoja na kalamu. Akiingia anaandika saa, akitoka anaandika saa, na aliyekuwepo anatia sahihi. Mwanzoni aliandika muda wa mkataba tu, hata siku niliyochelewa. Aliona aibu kunidai. Ikabidi niwe naandika mwenyewe, "amebaki dakika 40," mbele yake, mpaka akazoea. Mwisho wa mwezi tulikaa mezani na daftari, tukajumlisha wote wawili, ndipo nalipa benki na kumpa hati ya mshahara.

Kusubiri nako tulikuhesabu. Usiku tuliotoka tukiwaacha watoto wamelala, alikuwa kazini hata kama ameketi anatazama televisheni, maana hakuwa huru kwenda popote. Sheria za nchi zinatofautiana kuhusu kiasi cha kulipia muda wa namna hiyo. Sisi tulilipa wote.

Tuliposafiri sisi, mshahara wake uliendelea, kwa kuwa safari ilikuwa yetu na si yake. Alipougua akakaa nyumbani, bima ililipa sehemu na sisi sehemu. Hapo ndipo makato ya kila mwezi, ambayo mwanzoni aliyalalamikia, yalipomwingia akilini.

Kuondoka kwetu kulikuwa na kazi yake. Tulimpa notisi ndefu kuliko ile ya sheria ili apate muda wa kutafuta, tukamlipa siku za likizo zilizobaki, tukamwandikia barua ya utambulisho yenye namba zetu za simu, na kufunga namba ya mwajiri ili madai yasiendelee kuja. Nakala za hati zote anazo yeye, na zangu nimezihifadhi.

Jambo ambalo ningeshauri uliulize tangu siku ya kujisajili ni michango ya uzeeni. Baadhi ya nchi zina makubaliano ya kutambua michango ya mtu anaporudi kwao, nyingine hazina, na nyingine humruhusu kudai sehemu ya fedha akiondoka moja kwa moja. Aulize mapema, akiwa na namba yake ya uanachama mkononi, wakati wewe mwajiri bado upo na unaweza kwenda naye dirishani.