"Kopi folda yote, pesti, umemaliza"

Hilo ndilo jibu nililopewa nilipouliza namna ya kuhamisha mipangilio ya modi zangu za Minecraft, zile nyongeza zinazobadilisha gemu, kutoka toleo la 1.12.2 kwenda 1.16.5. Niliuliza watu watatu, wote wakasema neno moja, tena kwa sauti ile ya mtu aliyeulizwa maji yanachotwaje. Nikawaamini. Siku nne zikaenda na maji, mojawapo nilikesha.

Nisiwasingizie. Kama unahama kompyuta tu, toleo ni lile lile na modi ni zile zile, ushauri wao uko sawa: kopi, pesti, nenda kalale. Lakini mimi nilikuwa naruka matoleo, na katikati ya hayo mawili kuna shimo. Toleo la 1.13 lililotoka 2018 ndilo lililofuta zile namba zilizotofautisha vitu vya gemu, na modi za Forge (programu inayoziwezesha modi kufanya kazi) nazo zikahama kutoka faili za mipangilio za .cfg kwenda .toml. Hakuna hata mmoja wao aliyelitaja.

Basi nikakopi. Gemu ikawaka vizuri, haikulalamika hata kidogo, nikajiona fundi. Dakika kumi baadaye naona ramani imekaa kona nisiyoitaka, na mti naukata gogo moja moja kama mgeni. Kila kitu kimerudi kama modi zilivyotoka kwa watengenezaji wake. Nikafungua folda ya config. Faili zangu za .cfg zilikuwa pale pale, nzima, hazijaguswa. Pembeni yake kulikuwa na faili za .toml mpya ambazo gemu imejitengenezea yenyewe. Zangu haikuzisoma kabisa. Zilikuwa abiria waliopanda gari bovu, wamekaa wanasubiri safari.

Nikasema sawa, nitahamisha kwa mkono. Kwenye .cfg kila mstari unaanza na herufi ya aina yake: B ni ya ndiyo au hapana, I ni ya namba kamili, S ni ya maneno. Nikachukua mstari wangu, `B:fellWholeTree=true`, nikaupachika kwenye .toml kama ulivyo. Safari hii gemu iligoma kuwaka. TOML haitaki hiyo herufi wala nukta mbili zake, inataka `fellWholeTree = true`, basi. Nikazifuta moja moja huku najisifu kwamba nimegundua siri.

Hapo ndipo uchawi ulipoanza.

Naandika mstari, nahifadhi, nawasha gemu. Mti bado unakatwa gogo moja moja. Nazima, nafungua faili: mstari haupo. Si kwamba umebadilika, haupo! Nikadhani sikuhifadhi. Nikaandika tena, nikahifadhi mara mbili, nikafunga na kufungua faili kuhakikisha. Upo. Nawasha, nazima, naangalia. Haupo. Nikalaumu programu ya kuandikia, nikabadilisha programu. Nikalaumu programu ya kuzuia virusi, nikaizima. Saa nane usiku nilikuwa nimefikia hatua ya kupiga picha skrini ili nijithibitishie kwamba sina wazimu.

Kilichoniokoa ni git, ile inayotumiwa na waandika programu kutunza kazi zao. Sikuwahi kufikiria kuitumia kwenye gemu. Niliingia ndani ya folda ya config, nikapiga `git init`, kisha `git add .`, kisha `git commit -m mwanzo`. Nikawasha gemu, nikazima, nikaandika `git diff`, inayoonyesha kilichobadilika. Pale pale mstari wangu ukatokea kwa rangi nyekundu na alama ya kutoa mbele yake. Mwizi amekamatwa, na mwizi ni gemu yenyewe! Nilipoangalia latest.log, faili ambayo gemu huandikia kila inachofanya, kumbe ilikuwa ikitangaza kila mara kwamba faili ile haiko sahihi na inairekebisha. Imesema usiku kucha, mimi sisomi.

Sababu yake ni rahisi ukishaijua. Mtengenezaji wa modi alibadilisha jina la mpangilio ule katika toleo jipya, na akauweka chini ya kichwa kingine, vile vichwa vya mabano ya mraba. Forge ikikuta jina isilolitambua kwenye .toml ya modi, inalifuta bila kukuuliza. Ikikuta neno mahali pa namba, inarudisha thamani ya mwanzo. Kwa hiyo nilikuwa namwandikia barua mtu aliyehama nyumba, halafu nashangaa hanijibu.

Baada ya hapo niligeuza kazi juu chini. Niliacha modi za toleo jipya zijiandikie faili zake zote zikiwa safi. Halafu (hii ndiyo hila ninayojivunia) nikatengeneza folda nyingine tupu ya 1.12.2 yenye modi zangu za zamani, nikaiwasha mara moja ili nayo itoe faili zake za mwanzo. Sasa nina mipangilio ya zamani kama ilivyozaliwa, na ya zamani kama nilivyoichonga mimi. Nikazilinganisha kwa `git diff --no-index`. Miaka mitatu najisifu kwa watu kwamba gemu yangu nimeichonga mpaka mwenyewe haitambui. Faili zilikuwa zaidi ya mia mbili. Mistari niliyowahi kubadilisha ilikuwa 31, kwenye faili tisa. Na kati ya hiyo, minne sikumbuki niliibadilisha kwa nini.

Mistari 31 unaihamisha kwa mkono huku unasikiliza redio. Kazi ilikuwa kwenye orodha za vitu tu. Zamani gogo la mti wa birch liliandikwa `minecraft:log:2`, sasa ni `minecraft:birch_log`. Sufu nyekundu ilikuwa `minecraft:wool:14`, sasa ni `minecraft:red_wool`. Ile `minecraft:stone:1` ni granite, aina ya jiwe. Orodha yoyote yenye namba mwishoni, usiipachike kabla hujaitafsiri.

Nikadhani nimemaliza. Wiki iliyofuata nikaanzisha ulimwengu mpya, na nusu ya mipangilio ikarudi mwanzo. Nusu tu! Karibu nilie. Faili zinazoishia na `-server.toml` haziko kwenye folda ya config hata kidogo, zinakaa ndani ya kila ulimwengu: saves, kisha jina la ulimwengu, kisha serverconfig. Ukifungua ulimwengu mpya unapata faili mpya. Dawa yake ni folda ya defaultconfigs iliyo karibu na config: weka nakala zako humo, na kila ulimwengu mpya utazichukua. Ulimwengu ambao tayari una faili zake hautaziangalia, huo ubadilishe wenyewe.

Vitufe vya kibodi viko kwingine tena, kwenye options.txt, nje kabisa ya config. Aliyekopi folda ya config peke yake ameviacha nyumbani. Toleo la 1.12.2 lilikuwa likiandika namba, kwa mfano 17 ikimaanisha W; sasa inaandikwa `key.keyboard.w`. Vya gemu yenyewe vilinijia salama, vya modi vingine vikapotea na vingine vikarundikana kwenye kitufe kimoja. Skrini ya vitufe inaonyesha vilivyogongana kwa rangi nyekundu, nikavipanga kwa muda wa chai. Ila usiiguse faili hiyo gemu ikiwa wazi: ukibadilisha mpangilio wowote ndani ya gemu, inaandika juu ya kazi yako.

Na kwa wa Windows, washa kuonyesha viambishi vya mafaili kabla ya lolote. Nimepoteza asubuhi nzima na faili iliyokuwa ikiitwa `.toml.txt`, mimi naona `.toml` tu. Faili za mipangilio za .json nazo, koma moja iliyozidi mwishoni inatosha kuharibu siku.

Folda za config na defaultconfigs sasa zote ziko chini ya git. Kabla sijasasisha modi nafanya commit, yaani naiambia git ikumbuke faili zilivyo, nikishasasisha naangalia nani kafutwa.

Juzi mmoja wa wale watatu kaniandikia. Amehamia toleo jipya, ramani yake imerudi kona isiyo yake, na hajui afanye nini. Nimemwambia akopi folda yote, apesti, amemaliza.