Spoki 60, rangi ya fedha: nilivyorudishia MGB yangu magurudumu yake

Watu saba, nimewahesabu, waliniambia nitie kromu. Walikuwemo jirani, shemeji, fundi wa rangi, kijana anayeosha magari pale kituoni, na mmoja ambaye hata baiskeli hajawahi kumiliki. "Ami, gari la kizamani bila kromu ni kama bibi harusi bila hina." Maneno matamu hayo, na ndiyo yaliyonitia hasara ya kwanza.

Gari lenyewe ni MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, la wazi, la mwaka 1966, namba ya chesisi inaanza na GHN3, usukani kulia. Nililinunua kwa mjane mmoja wa Nyali, hapa Mombasa, likiwa chini ya turubai na paka amezalia kwenye kiti cha dereva. Injini, breki na bodi sisemi. Kila mtu ana hadithi zake za hayo. Kilichonikondesha ni magurudumu. Yalikuwa matano, ya spoki, yale yanayoshikwa na nati moja kubwa ya masikio mawili katikati. Matatu yamepakwa rangi nyeusi, moja jeupe, na moja la dhahabu. La dhahabu! Sijui nani alikaa akafikiri. Yote yana kutu, na spoki kadhaa zimekatika.

Basi nikapigiwa simu na mtu wa Nairobi. Anayo manne, kromu tupu, spoki 72 kila moja, "mali ya Kiingereza, yanaingia gari lolote la Kiingereza." Nikapanda basi la usiku. Kufika nikayakuta yamepangwa ukutani juu ya zulia, jua la asubuhi limeyapiga, nikaona sura yangu ndani yake mara mia. Hapo akili ikalala. Sikupima kitu. Nililipa elfu themanini na kitu, nikayafunga kwa mablanketi nikarudi nayo Mombasa kwa basi, na konda akanitoza nauli ya watu wawili. Njia nzima kila basi likipiga shimo mimi naamka kuyapapasa kama watoto wachanga.

Nyumbani sikungoja hata chai. Jeki, nati nje, gurudumu kuukuu nje, jipya ndani. Likaingia bila kusukumwa, raha kweli, kisha likaning'inia likiyumba kama kofia ya babu kichwani mwa mjukuu. Nikalisukuma huku likaenda huku. Nikalitoa, nikalirudisha, kana kwamba mara ya pili lingejirekebisha. Habu, yaani kile kitovu cha garini ambacho gurudumu huvishwa juu yake, kwa MG ina kipenyo cha milimita 42. Yale yalikuwa ya Jaguar E-Type, na Jaguar habu yake ni milimita 52. Milimita 10 ni nyingi sana ukishafika nyumbani. Dukani gurudumu linang'aa, nani atazame tundu? Tena yalikuwa ya inchi 15, na MGB ni inchi 14. Hilo nalo sikuliona. Mke wangu akasimama mlangoni, akauliza kama hayo nimenunua ya kutungika sebuleni au ya jikoni.

Nikampigia muuzaji. "Mzee, mimi sikukwambia MG. Nilikwambia Kiingereza."

Kwa hiyo ukienda kununua, beba nati yako mfukoni na kalipa ya kupimia kipenyo. Nati ni muhimu pia kwa sababu uzi wake si mmoja: zipo za nyuzi 8 kwa inchi na zipo za 12, na hazipatani hata ukizibembeleza.

Baada ya aibu hiyo niliacha kuuliza watu nikaanza kuliuliza gari. Kwanza niliandika Uingereza, kwenye jumba la makumbusho la magari lililoko Gaydon, ambako zimehifadhiwa kumbukumbu za kiwanda cha MG cha Abingdon. Unalipa ada, wanakutolea cheti: gari lilitengenezwa siku gani, rangi gani, lilitoka na vifaa gani vya ziada. Langu lilitoka na magurudumu ya spoki, na hita pia, hita ya gari linalokuja Mombasa, lakini hiyo si kazi yetu leo. Nilifarijika kwa sababu kama lingetoka na magurudumu ya bati, ekseli ya nyuma ingekuwa nyingine. Ile ya spoki ni fupi zaidi. Wako wanaobandika vipande vya kati ili kupachika spoki kwenye ekseli ya bati, na magurudumu yanachomoza nje ya bodi kama masikio ya tembo.

Cheti hakikuniambia rangi ya magurudumu. Nikachukua wembe na lile gurudumu la dhahabu. Ukikwangua kwenye ringi hupati kitu, hapo jua na chumvi vimekula zamani. Nilikwangua nyuma, pale spoki za ndani zinapoingia kwenye kitovu cha gurudumu, palipojaa grisi iliyokauka ikawa kama gundi. Nikaifuta kwa mafuta ya taa. Dhahabu ikatoka, chini yake nyeusi, chini yake nyeupe, halafu kikatokea kipande kisichozidi ukucha, rangi ya fedha iliyofifia, si ya kung'aa, kama sufuria ya alumini iliyosuguliwa kwa mchanga. Nikahesabu spoki: 60. Ndiyo hasa, MGB za wakati ule zilikuja na spoki 60 na rangi ya fedha. Ndugu yake mkubwa, MGA, alianza na 48 kwenye ringi ya inchi 15. Hizo 72 ambazo kila mtu anazitaka ni za magari mengine au za miaka ya baadaye. Kuanzia hapo mtu akinitajia kromu namwambia ahesabu kwanza.

Na tuwe wakweli, kromu Mombasa ni ya nini? Spoki 60 kila gurudumu, kila moja ina kichwa na shingo ambapo unyevu wa bahari unajificha. Rangi ikibanduka unapaka tena Jumamosi. Kromu ikianza kutoka vipele vya kutu, unaitazama tu ikifa.

Sasa jambo ambalo hakuna hata mmoja wa wale saba aliyelitaja: meno. Ndani ya kitovu cha gurudumu kuna meno yanayoshikana na meno ya habu, na ndiyo yanayobeba kazi yote ya kuliondoa gari na kulisimamisha. Jino zima lina kichwa bapa. Jino lililolika linachongoka kama kisu. Nilimweka mke wangu akanyage breki, gari likiwa juu ya jeki, mimi nikatikisa gurudumu mbele na nyuma. Likilia "klok" hilo limekwisha, hata kama lina kromu ya Sultani. Matano yangu: matatu mazima, mawili yamekwisha. Habu mbili za nyuma nazo zilikuwa visu. Habu hizo usizionee huruma. Ukifunga gurudumu jipya kwenye habu mbovu, meno mapya yataliwa na ya zamani.

Niliagiza Uingereza habu mbili za nyuma, magurudumu mawili mapya ya rangi ya fedha, na spoki na nipeli, zile nati ndogo za kukazia spoki, za kujengea matatu yangu. Gurudumu moja lilikuwa pauni 200 na ushee kabla ya usafiri. Ushuru siutaji, kuna mtu nyumbani anasoma ninayoandika.

Kazi ya kujenga upya ndiyo ninayojivunia. Mafundi wa magari walikataa. Mmoja alisema nizichomelee spoki zote zisiyumbe tena. Nikaenda Kongowea kwa fundi wa baiskeli, kijana mwembamba anayekaa chini ya mwarobaini na ndoo ya maji ya kupimia panchari. Nikamwekea gurudumu mbele. Akalizungusha, akalizunguka, akalipiga kofi. "Ami, hii ni baiskeli iliyonenepa."

Shida ya kwanza ilikuwa mahali pa kulizungushia, maana uma wa baiskeli hautoshi. Hapo ndipo nilipoona faida ya kutotupa vitu: ile habu mbovu ya nyuma niliyoitoa tuliibana kwenye kipande cha mhimili wa chuma, mhimili tukaubana kwenye jiliwa, gurudumu likapanda juu na nati yake likakazwa. Likazunguka pale pale kama liko garini. Kando tukasimamisha chaki kwenye kipande cha mbao, inchoree ringi kila inapopinda. Spana ya nipeli akaitengeneza kwa spana kuukuu, akaikata mdomo kwa tupa mpaka ikashika bila kuteleza.

Nilidhani ataanza kukaza pale palipopinda. Hakugusa. Alichukua bisibisi akagonga spoki moja moja akisikiliza, kichwa kimeinama. Iliyokazwa inalia "ting", iliyolegea inajibu "dub". Zile za dub akazitia alama ya chaki. Kisha akakaza robo raundi, akahamia ya upande wa pili, robo raundi, akarudi. "Ukikaza moja mpaka mwisho, ringi inakuwa yai," akasema. Gurudumu la kwanza lilimla siku mbili, la tatu asubuhi moja. Mwisho akapitisha bisibisi haraka juu ya spoki zote 60 na zote zikalia sauti moja, kama mtu anayepitisha ukucha kwenye nyuzi za gambusi. Nilimwambia rudia. Akarudia mara tatu, hata wateja wake wa panchari wakaja kusikiliza. Malipo sikumbuki vizuri, hayakufika hata robo ya gurudumu moja jipya, nikaongeza ya chai.

Ncha za spoki zilizopita nipeli tulizisaga kwa ndani zikawa sawa, tukazungushia ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu. Maana haya magurudumu ni ya tyubu. Fundi wa matairi hakuniamini. "Mzee, siku hizi hakuna tyubu." Akatia valvu yake, akafunga tairi, akajaza upepo, na kila nipeli ikapiga mluzi. Alikimbia huku na huku na kidole kuziba matundu 60. Nilimwacha dakika nzima kabla sijatoa tyubu kwenye mfuko. Tairi zenyewe nimefunga za saizi ya 165, za kawaida. Kiwandani gari la wazi lilikuja na 5.60-14, asiyeridhika anitafutie.

Nati zina masikio kwa sababu gari ni la 1966. Marekani walikataza vitu vinavyochomoza kuanzia 1968, ndipo zikaja zile za pembe nane, na wauzaji huzichanganya zote pamoja. Zimeandikwa UNDO, yaani fungua, na mshale, lakini kijana wangu alizitandika bila kusoma. Upande wa kushoto wa gari nati hufunguliwa kinyume cha saa, upande wa kulia hufunguliwa kwa mwendo wa saa. Yeye alikuwa kulia, anafungua kama chupa ya soda, kumbe anakaza. Alikaza kwa nyundo ya chuma mpaka sikio likapinda. Tumia nyundo ya shaba au ya ngozi, paka grisi kwenye meno kila unapotoa, na baada ya mwendo wa kwanza wa kilomita chache kaza tena.

Yale ya Jaguar yalikaa ukumbini miezi saba, mke wangu akayawekea maua juu. Mwishowe akatokea mwenye E-Type, akanipa elfu sitini, nikamwonya apime tundu kwanza. Alicheka, hakuelewa nilichokuwa nasema.

Gari linatembea. Kwenye daraja la Nyali jioni spoki zinakuwa moshi wa kijivu. Gurudumu la mbele kushoto bado linatetema kidogo likifika kilomita 80, na nimelirudisha mara mbili chini ya mwarobaini. Fundi analizungusha, analipitishia bisibisi, linaimba vilevile, kisha ananiambia shida ni barabara.