Mbwa Anayecheza Muziki
Hapa Mombasa, ambako mbwa wengi ni walinzi wa lango na wachache mno huruhusiwa kuvuka kizingiti, jirani zangu wa Tudor hucheka nikiwaeleza kwamba Uingereza watu hushindana kucheza muziki na mbwa wao. Mashindano hayo yana matawi mawili: katika la kwanza, mbwa hutembea sambamba na mwenye kumwongoza kwa angalau theluthi mbili za onyesho, katika la pili, huruhusiwa kuruka, kuzunguka na kupenya kati ya miguu. La pili ndilo hupendwa na watazamaji, na mwaka 2012 Ashleigh Butler na mbwa wake Pudsey walishinda Britain's Got Talent, shindano la vipaji la televisheni ya Uingereza, kwa kucheza pamoja. Mimi navutiwa na la kwanza, kwa kuwa bega la mbwa likiachana na goti la mtu, kasoro huonekana papo hapo. Mbwa wangu huzunguka vizuri akifuata kipande cha kuku mkononi mwangu. Chakacha ikipigwa, hubweka tu.