Linux nzito? Tazama kwanza nani anachora skrini

Wiki tatu nzima mie nalala na kuamka na hii kompyuta. Ni deskitopu yangu ya hapa nyumbani Chake, Pemba, RAM giga 4, disiki ile ya zamani ya kuzunguka, na kadi ya picha ya Nvidia ya miaka mingi. Windows 10 ilipokatiwa apdeti tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 nayo haitaki mashine isokuwa na TPM 2.0 (chipu ya usalama), nkaona basi, nihamie Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Nkapakua kwa bando la usiku, nkatia kwenye fleshi, nkainstoli.

Ikaja nzito kuliko mwanzo! Ukiburuta dirisha linajikokota nyuma ya mausi, ukiandika herufi inatokea baadae, na mie hiyo ndo natipia mitihani ya walimu wa skuli na barua za watu, sasa mtu kasimama mlangoni anasubiri ukurasa mmoja tu utamwambia nini? Ami yangu akanambia mwanangu hiyo ishazeeka, mashua ikioza mbao haitiwi tena majini. Fundi akasema ongeza RAM. Ilibaki kidogo nitume pesa Unguja.

Nkajaribu kwanza yale yanayosemwa na kila mtu, swappiness (namba inayoamua mashine ianze lini kutumia disiki badala ya RAM) nkaishusha kutoka 60 hadi 10 ili mashine isikimbilie disiki mapema, nkazima programu zinazoamka pamoja na kompyuta, nkazima na madoido ya madirisha. Nafuu ikaja, lakini kidogo mno.

Kilichonizindua ni siku nlofungua terminali nkaandika top (inaonesha nani anakula RAM na prosesa) na hakuna programu nyengine iliyo wazi. RAM hata nusu haijafika, ila prosesa inahema, na anayeila ni cinnamon, yaani ile deskitopu ya Mint yenyewe tupu, madirisha na menyu zake! Nkaandika inxi -G, ya kuonesha habari za kadi ya picha, pale kwenye renderer (yaani mchoraji wa skrini) pamesomeka llvmpipe. Basi jibu ndo hilo. Maana yake kadi ya picha imekaa haina kazi, na kila unachokiona kwenye skrini, hadi kivuli cha dirisha, kinachorwa na prosesa peke yake. Na kila nikiwasha ilikuwa inakuja taarifa pale kwenye kona kwamba Cinnamon inakwenda bila ya msaada wa kadi na prosesa itatumika sana, mie naifunga naendelea na kazi. Isomeni ile taarifa jamani.

Sababu yake: siku ya mwanzo skrini ilikuwa nyeusi tii, nkafuata ushauri nkaandika nomodeset kwenye faili la grub (programu inayoiwasha Linux), skrini ikawaka, na neno likabaki humohumo. Neno hilo ndo linaloizuia draiva ya kadi, yangu mie ni nouveau, isiamke. Ni la kuvukia tu pale mwanzo, si la kukaa nalo.

Usilifute kwenye faili moja kwa moja, lijaribu kwanza. Washa kompyuta huku umebana Shift mpaka menyu ya grub itokee (kwenye mashine mpya zaidi, za UEFI, ni Esc), bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux, futa nomodeset, kisha F10. Skrini ikiwa nyeusi zima uwashe tena, hujaharibu kitu, maana hiyo ni ya mara moja tu. Yangu iliwaka safi, nlikuwa nshaapdeti kaneli (kiini cha Linux). Hapo ndo nkafungua sudo nano /etc/default/grub, nkalifuta, nkamaliza na sudo update-grub.

Wallahi ni kompyuta nyengine! llvmpipe imeondoka, dirisha linafuata mkono, na mwalimu wa jana kachukua mtihani wake hata kukaa hajakaa. Lakini kama kwako top inaonesha RAM na swap (sehemu ya disiki inayoisaidia RAM) zimejaa, basi hapo fundi kasema kweli, au hamia Mint ya XFCE, deskitopu nyengine ambayo ni nyepesi zaidi.

Kuwaka bado inachelewa, hiyo ni disiki. SSD ya SATA, disiki isiyozunguka, nshaagiza, inakuja na boti.