Siku Moja Maishani Mwangu: Mkamuaji wa Dondoo za Mitishamba ya Kichina

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nafungua karakana yetu ndogo mjini Portland, jimbo la Oregon, na kabla ya kugusa kitu kingine nawasha feni za kutolea hewa, kwa sababu mvuke wa spiriti kali hushika moto hata katika joto la kawaida la chumba. Simu ya mkononi hubaki nje. Ndugu zangu wa Tanga wanaamini kwamba nilikuja Marekani kupika gongo, nami nimechoka kuwaeleza kwamba hapa hatupiki wala hatuchachui chochote: spiriti ya nafaka ya asilimia 95, ile inayonyweka, tunainunua ikiwa tayari katika mapipa, na kazi yetu ni kuitumia kutoa dawa iliyomo katika mizizi, maganda na utomvu.

Saa moja mzigo mpya hukaguliwa. Hii ndiyo sehemu ninayojivunia kuliko zote, ingawa anayenitazama huona mwanamke anayenusa na kutafuna vipande vya mizizi. Huang qi, mzizi wa mmea wa jamii ya kunde, ikiwa nzuri ina kiini cha manjano, ni tamu, na huacha harufu ya kunde mbichi mdomoni. Kwa han fang ji, pua na ulimi havitoshi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchini Ubelgiji, mzizi mwingine wenye jina linalokaribiana nalo, guang fang ji, ulichukua nafasi yake katika vidonge vya kupunguza unene, na asidi ya aristoloki iliyomo ikaharibu figo za wanawake wengi. Kwa hiyo kila mzigo wa han fang ji hupelekwa maabara, na haulowekwi kabla majibu hayajarudi, hata mteja akilia.

Saa mbili hadi saa nne ni kupima na kuloweka. Kilo 4 za mzizi wa dang gui uliosagwa kidogo huingia katika lita 20 za kilevi cha asilimia 60, yaani lita 12.6 za spiriti, kisha maji ya kujazia hadi alama ya 20, kwani vimiminika hivyo vikichanganywa hupungua ujazo na anayejumlisha tu hujikuta na pipa pungufu. Ubani na manemane, ambavyo Wachina wamevipata kutoka upande wetu wa Bahari ya Hindi kwa karne nyingi, huhitaji takriban asilimia 90 kwa kuwa utomvu hauyeyuki vizuri majini. Pipa hufungwa, hutikiswa kila siku, na kusubiri wiki tatu au nne.

Saa nne simu ya ofisini ililia. Alikuwa mtaalamu wa tiba ya Kichina ya kuchoma sindano mwilini, mteja wetu, aliyekuwa amekwisha kukasirika kabla sijasema neno. Chupa zake za Yu Ping Feng, mchanganyiko wa dondoo za mizizi mitatu, zilikuwa na mashapo, naye alikuwa na hakika kwamba tumemuuzia dawa iliyooza. Nilimweleza kwamba huang qi, bai zhu na fang feng hulowekwa kila moja kwa nguvu yake ya kilevi, na zinapochanganywa nguvu hiyo hubadilika, kwa hiyo baadhi ya vilivyokuwa vimeyeyuka hushuka chini. Atikise chupa kabla ya kutumia. Akataka tuchuje mpaka dondoo ing'ae kama chai ya rangi. Nikamjibu kwamba kitakachobaki kwenye chujio ni sehemu ya kile anacholipia. Akanyamaza, kisha akauliza kama lebo inaweza kusema kwamba dawa inaponya mafua. “Hapana, daktari,” nikasema, kwani chini ya sheria ya virutubisho ya mwaka 1994 hatuwezi kudai kwamba tunatibu wala kuponya ugonjwa wowote. Basi je, yeye akibandika lebo yake mwenyewe? Hapana tena. Hatimaye, kwa sauti ya upole ambayo ingefaa kuanza nayo, akaagiza lita 10 nyingine ifikapo Ijumaa. “Ijumaa gani, daktari?” “Hii.” Fang feng yetu ilikuwa ndiyo kwanza imelowekwa.

Chakula changu kilikuwa kimepoa, na baada ya hapo sikuiangalia saa. Makapi ya mapipa yaliyoiva hutiwa katika mifuko ya kitambaa na kuwekwa kwenye shinikizo, ambalo lazima likazwe polepole, la sivyo mfuko hupasuka na kila kitu huishia ukutani. Gou qi zi ndiyo adui yetu, maana tunda hilo hugeuka rojo. “Dada, chujio limeziba tena,” akaita mwenzangu kijana wa Bukavu, nasi tukaosha, tukachuja, tukaosha. Mikono huniuma, na kwenye basi abiria huninusa wakidhani nimekunywa. Wateja Waislamu wakiuliza, huwaambia wazi kwamba kudondosha dawa katika maji ya moto hupunguza kilevi lakini hakukimalizi, na wanaotaka kukiepuka kabisa wachemshe mitishamba yenyewe.

Giza lilipoingia nilikuwa bado naandika. Kati ya lita 20 zilizoingia zilitoka 17, na zilizobaki ndani ya makapi lazima ziandikwe pia, kwa sababu sehemu kubwa ya kodi ya spiriti hurejeshwa kwa watengenezaji wa bidhaa zisizo vinywaji, mradi kumbukumbu zionyeshe kila lita ilikokwenda. Nilipofungua barua pepe nikamkuta mtaalamu wetu: anauliza kama Jumamosi itawezekana.