Nilivyogeuka Mkenya Unguja

Sie watu wa Mombasa mtu akipanda basi la Nairobi twasema kenda bara, wazee wengine hata wasema kenda Kenya, na miaka ile kuta za mtaani kwetu zilikuwa zimejaa maandishi ya Pwani si Kenya. Mimi sikuyaandika ila nilikuwa nikiyapita nacheka, sina ugomvi nayo.

Basi Septemba 2013 niko Unguja, harusi ya binti wa khalati yangu Kikwajuni. Jumamosi tarehe 21 mchana nimeenda zangu Jaws Corner kunywa kahawa, naona wale wa dhumna wameacha mchezo wanatazama tivi, watu wanakimbia na watoto mikononi, polisi wamejibanza nyuma ya magari, Nairobi hiyo, magaidi wamevamia jengo la maduka la Westgate. Mdogo wangu anafanya kazi Nairobi. Napiga hapatikani, napiga hapatikani, vocha yaisha nanunua nyengine, mpaka magharibi ndio ikaingia meseji yake, "niko Eastleigh mzima".

Toka hapo mie si mgeni wa harusi tena, ni mfiwa. Kila anayeingia ananipa mkono, pole Mkenya, poleni na msiba, mpaka wale wa taarab wakatuma mtu kuniuliza mimi kama wapige au waache! Nikasema pigeni jamani. Khalati peke yake hakuniuliza kitu, alipoteza watu kwenye meli ya Spice Islander ilipozama 2011, ananiwekea chai tu na kuwafukuza wenye maswali.

Jumapili zikaja habari kwamba wale washenzi walikuwa wakiwatenga Waislamu wawaachie, wengine wakiulizwa mamake Mtume anaitwa nani. Baraza kimya. Mzee mmoja akaweka kikombe chini, "Amina", utadhani anamjibu mwalimu chuoni, halafu akapandwa na hasira kwelikweli, hilo kila mtoto aliyesoma maulidi analijua, ndio iwe ruhusa ya kuishi? Na aliyekuja kutembea tu je? Maana alikufa mpaka Kofi Awoonor, mshairi wa Ghana, babu wa miaka 78 aliyekuja Nairobi kwa tamasha la vitabu.

Kazi ikawa kwangu sasa. Serikali yasema jengo liko mikononi mwetu, risasi bado zalia, na wazee wananigeukia mimi niwafafanulie, magaidi wangapi, kwa nini hayaishi mambo, jeshi lenu lafanya nini humo? Nami najibu bwana! Kumi mpaka 15, nawaambia, kama nimetoka kikaoni na waziri. Mpaka Jumanne lilipokwisha walikuwa wamekufa watu 67, mbali na magaidi wenyewe.

Baadaye nisharudi Mombasa zamani ikajulikana walioingia walikuwa wanne tu. Yule mzee wa Amina namba yangu anayo, kanitumia meseji: "Mbona mlituambia 15?"

Nikamjibu, "Ndio mzee, tulikuwa hatujapata taarifa kamili."